Kadi Kuukuu za Arusi ya Nafisa

Nyinyi mnaotumiana salamu za Idi kwa kidole gumba, huku mnakula, huku mnatazama mpira, msinicheke nikiwaambia kwamba salamu ilikuwa kazi ya mikono, na mikono yenyewe ilikuwa hii yangu. Miaka ya tisini, hapa Mji wa Kale, mtu akitaka kumpelekea shangazi yake kadi isiyofanana na ya mtu mwingine alikuja Kibokoni, kwenye chumba cha chini cha nyumba ya Bi Salma. Akimkuta Bi Salma mwenyewe, amepata maneno. Akinikuta mimi, Kadzo wa Rabai, amepata kadi.

Mimi ni Mkristo, na kadi nilizozipiga mihuri kwa wingi ni za Idi, za maulidi na za arusi za Waislamu. Watu wangu wa Rabai walishangaa. Mjini hakuna aliyeshangaa, walichotaka kujua ni kama wino umekauka.

Kabla ya hapo nilikuwa Biashara Street, nimekaa nje ya duka na cherehani, napinda leso za wateja. Bi Salma alileta zake, akasimama kunitazama ninavyoilisha mashine nguo. Halafu akaniuliza, "Huo mkono wako hautetemeki?" Nikamjibu kwamba hautetemeki ila kwa njaa. Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi ya duka. Wiki iliyofuata nilikuwa kwake, na cherehani nikaisahau kama mchumba mbaya.

Sasa sikilizeni, maana haya hamtayapata kwenye simu zenu. Mihuri yetu haikutoka dukani, ilitoka miguuni. Kandambili, zile tunazoziita champali, mshipi ukikatika mtu huitupa, na mimi nilikuwa nyuma yake kuiokota. Kisigino hakifai, kimeshalika. Kwenye vidole pia hapafai, pameshachimbika. Kata kipande cha katikati ya unyayo, kioshe kwa sabuni mpaka usahau kilikotoka, kisha chora na uchonge kwa wembe uliobanwa kwenye kijiti. Unapokata, inamisha wembe utoke nje ya mstari, ili mstari ubaki na kitako kipana. Ukiinamisha ndani, mstari unasimama kwa mguu mmoja, na baada ya kadi chache umevunjika. Kipande kikikamilika, kigandishe kwenye kibao. Vibao tulivipata kwa fundi wa kuchonga milango, jirani yetu, ambaye aliapa kila mara kwamba anatupa kwa mara ya mwisho.

Muhuri wangu wa kwanza wa maandishi nilichonga "Idi Mubarak", herufi nzuri, zimejipinda kwa madaha. Ukiutazama mkononi, raha tupu. Ukiupiga kwenye karatasi, maneno ya jini! Nilikuwa nimechonga jinsi yanavyosomwa, na muhuri hutaka kuchongwa kinyume. Bi Salma aliishika ile kadi, akaigeuza huku na huku, akasema, "Haidhuru, Kadzo. Tutaziuza na vioo." Tangu siku hiyo nikajua: andika kwa penseli laini kwenye karatasi nyembamba, ilaze kifudifudi juu ya mpira, sugua kwa mgongo wa kijiko. Penseli inahamia kwenye mpira ikiwa imeshageuka yenyewe, na akili yako unaibakishia mambo mengine.

Na wino? Mpaka leo nikimwona mtu anauzamisha muhuri kwenye wino kama andazi kwenye chai, natamani kumpokonya. Wino tuliununua duka la vifaa vya ofisi, tukauongeza matone ya glisirini usikauke upesi wakati wa kaskazi. Kitanda chake kilikuwa kifuniko cha bati la biskuti, ndani tumepanga vipande vya blanketi kuukuu, juu tumetandika melimeli, kile kitambaa chepesi cha pamba. Muhuri unaushika uso juu, kisha unakipigapiga kile kitanda juu yake, polepole, mpaka mstari wote ung'ae sawasawa. Ukishauweka kwenye karatasi, usiutikise. Bonyeza kwa kiganja, vuta pumzi, unyanyue wima. Wengi huharibu pale pa kunyanyua, kwa sababu wana haraka ya kuona.

Michoro tuliiba. Ndiyo, niandikieni hivyo hivyo. Bi Salma alikuwa na kanuni moja: kadi ni leso ndogo. Leso ina pindo kuzunguka pande zote, ina mji katikati, na chini ya mji ina jina, yale maneno yake. Basi kadi yetu nayo ikawa na pindo, mji na jina, na mwanamke yeyote wa hapa akiishika anajua jicho lianzie wapi. Nikienda Biashara Street nasimama mbele ya leso zilizoning'inizwa, naikariri korosho ya pindo hili, ua la mji ule, midomo inanichezacheza. Mwenye duka mmoja alinizoea. Aliniuliza, "Mama, leo wanunua ama waja kusoma tena?" Nikamwambia nasoma, mtihani u karibu.

Kuzeesha kadi tulijifunza kwa bahati. Bunda la kadi lilisahaulika dirishani, na hewa ya chumvi ikaliramba kingo zikageuka rangi ya mkate. Bi Salma alitaka kuzitumia kuwashia jiko. Kabla hajafanya hivyo wakaingia watalii waliotoka kutembea, na wakapita kwenye kadi zote mpya, safi, nyeupe, wakaenda kuzichukua zile zilizooza! Tukatazamana. Bi Salma akasema taratibu, kwa Kiswahili ili wasielewe, "Kadzo, watu hawa wapenda ukuukuu. Wape mpaka watosheke."

Tukawapa. Nikawa fundi wa kuchakaza. Chai ya rangi iliyochemka mpaka ikawa chungu, unaichukua kwa kipande cha sponji ya godoro, unakamua kwanza, halafu unapitisha ukingoni ukielekea ndani, ukipunguza mkono unavyosonga. Penye pembe rudia kwa kahawa, maana vitu huzeekea pembe kwanza. Ukitaka madoa ya miaka mingi, nyunyiza maji kwa ncha za vidole ilhali chai bado mbichi, kisha gusa kila tone kwa kitambaa kikavu. Anika kivulini, jua litaikunja karatasi kama sambusa. Ikikauka, pitisha msasa laini ukingoni mpaka nyuzi za karatasi zitoke kidogo. Halafu lundika zote chini ya sanduku zito, nasi tulitumia sanduku la mvule alilopewa Bi Salma na mamake. Niliipenda kazi hii kupita zote. Nani mwingine alikuwa anasifiwa kwa kuharibu vitu?

Disemba moja nikazipeleka za Krismasi Mwembe Tayari, kwenye mabasi ya bara. Nilichonga mnazi wenye nyota juu, maana theluji sijaiona na sikutaka kusema uongo kwenye kadi. Abiria mmoja akaichukua, akaikunjua, akaikunja, akaniuliza kwa huruma, "Mama, unauza kadi ya mtu?" Nikamwonyesha kwamba ndani hamna jina la yeyote. Alinunua, lakini aliinusa kwanza. Mimi nilicheka njia nzima ya kurudi, sikujiuliza hata mara moja kama kuna la kujifunza.

Ndipo akaja Nafisa.

Nafisa alikuwa binti wa mtaani kwetu, mwalimu wa chekechea, mchangamfu, na alikuwa anaolewa. Mamake alifariki akiwa mdogo, akalelewa na bibi yake mzaa mama, Bibi Mwanatumu. Alizitaka kadi za kuwaalika wanawake kwenye siku ya kupamba, siku bibi arusi anapokalishwa amepambwa mbele ya wanawake wenzake, na alipoziona zile za watalii zimetandazwa mezani akashika kifua. "Hizi! Hizi hizi! Zina sura ya kitu cha zamani cha nyumbani." Bi Salma alisita kidogo, nilimwona. Lakini msichana alikuwa anaruka kwa furaha, nani angemwambia hapana? Nikachemsha chai sufuria nzima.

Niliona fahari na zile kadi. Kingo za rangi ya asali, korosho kwenye pindo, jina limekaa vizuri. Nafisa alichukua moja kwenda kumwonyesha bibi yake.

Alirudi analia, shela imemteleza hata hana habari. Bibi Mwanatumu ameisukuma ile kadi kwa ncha ya fimbo. Amesema ni nuksi, kadi ya mkosi, na kwamba arusi inayoita watu kwa karatasi mbovu yeye hatakanyaga. "Yeye ndiye mama niliye naye," Nafisa akasema. "Asipokuwapo, mimi sipambwi. Nani atakayenishika mkono kunitoa ndani?"

Muda wa kuanza upya haukuwapo. Karatasi ya aina ile ilikuwa imekwisha mjini na arusi ilikuwa inagonga mlango. Bi Salma akavaa buibui, mimi nikajifunga leso, tukaenda. Nilikuwa na hofu, nawaambia kweli. Mji wa Kale jina likichafuka asubuhi, adhuhuri limeshafika mtaa wa Kuze.

Tulipiga hodi, tukakaribishwa, tukaamkuana mpaka tukaulizana habari za watu waliokwishahama. Tukapewa kahawa. Bibi Mwanatumu alikuwa mwembamba, mrefu, amekaa kitandani wima kabisa, vidole vyekundu kwa hina. Kadi yangu ilikuwa sakafuni, pale pale ilipoangukia.

"Salma," akaanza, "wewe n'nakujua tangu u mtoto. Nambia. Mjukuu wangu yuaolewa, ama yuafiwa?"

"Yuaolewa, Bibi, kwa kheri inshallah."

"Basi mbona karatasi hino i kuukuu? Mwari kila chake ni kipya. Leso mpya, mkeka mpya, hata kata ya kuogea mpya. Nanyi mwaita watu kwa kitu kilicholiwa na mende!"

Mdomo wangu ulinitoka kabla sijaushika. "Hakikuliwa na mende, Bibi. Nimekikwaruza mimi kwa msasa."

Akanigeukia kama ndiyo kwanza anaona kuna mtu pale. "Kwa kusudi?"

"Kwa kusudi, Bibi."

"Subhanallah. Yuko mtu alipwaye kwa kazi hiyo?"

Bi Salma alikuwa amefunika uso kwa ukaya wa buibui, na mabega yake yalikuwa yanacheza. Namshukuru Mungu kwamba hakutoa sauti.

Lakini bibi hakuwa amemaliza. Akauliza, sasa kwa sauti ya chini, "Na kadi hino yaenda vipi kwa watu? Ina miguu? Mji huu nimealika mimi. Kila arusi ya ukoo wetu. Navaa buibui langu, napiga hodi, na mwenye nyumba akisikia sauti yangu ajua kuna kheri, atia kahawa jikoni. Leo arusi ya mtoto wangu mwenyewe, nakalishwa tini, naletewa karatasi. Hata kuulizwa sikuulizwa."

Hapo nikaelewa, na roho ikaniuma. Ule msasa wangu ulikuwa umemchukiza, ni kweli, lakini kilichomchoma ni ile kazi yake kupewa karatasi. Wala Nafisa hakukusudia. Alidhani anampumzisha mzee miguu.

Nikasema, "Bibi, nipe ruhusa. Mwari atavaa leso gani?"

"Kisutu. Leso gani tena?" Akainua mkono, akanionyesha juu ya kabati: kisutu, ile leso ya arusi ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, bado imekunjwa. "Mpya, na nishaa yake. Leso mpya yajulikana kwa nishaa. Ishike uisikie inavyolia."

Nikaishika. Ililia kama karatasi. Na papo hapo nikajua la kufanya, nikamwomba aniazime. Akafikiri, akanipa, akaniambia nikiitia tone la chai atanitafuta mpaka Rabai.

Nishaa, ule wanga wa kukazia nguo, ndiyo ilikuwa dawa. Ukingo uliopigwa msasa unakunywa wino, ukiupiga muhuri mwekundu juu yake rangi inasambaa kama kidonda. Lakini nikiupaka nishaa nyepesi kwanza, nyuzi zinalala, karatasi inakaza, na wino unakaa juu ulipowekwa. Nikapika nishaa, nikaipaka kadi zote, nikachonga pindo la kisutu la kupiga ukingoni, nje ya lile la korosho, kutoka kwa champali kubwa ya mwanamume, maana pindo lilitaka nafasi. Jaribio la kwanza: nyekundu imesimama, kali, mpya, juu ya ile rangi ya asali. Kadi ikawa ngumu na yenye sauti, kama iliyofunguliwa dukani sasa hivi. Nikamtuma Nafisa amwite bibi yake aje kukagua kabla sijaendelea.

Alikuja na fimbo yake na uso wa hakimu. Akaichukua kadi, akaipeleka sikioni, akaikunja kidogo. Ikalia. Akakaa, akanitazama ninavyopiga. Nikapiga ya pili, ya tatu. Akaguna.

"Wabonyeza kama uogopaye kuiamsha. Lete hapa."

Bi Salma akanikanyaga mguu chini ya meza nisibishe. Nikampa. Akaushika ule muhuri kwa vile vidole vya hina, akaushindilia kwa kiganja, akaunyanyua wima, bila kufundishwa. Pindo zima, safi. Akalitazama, akalitazama, na meno yake machache yakaonekana.

Hakuutoa tena mkononi. Tuliagiza kahawa, tukaagiza kaimati, jirani wakaanza kuchungulia dirishani kuona kwa nini Bibi Mwanatumu anacheka ndani kwa Salma. Mimi nikawa wa kutia wino, Nafisa wa kuanika, Bi Salma wa kusifu. Zikaja zilizopinda, naam, zikaja zenye alama ya dole gumba. Bi Salma akataka kuitenga moja iliyokwenda mrama kabisa. Bibi akampiga kofi mkononi.

"Iwate! Hiyo ni ya yule jirani yangu wa zamani, aliyenialika arusi ya mwanawe siku yenyewe ya arusi. Yeye hana haki ya kadi iliyonyoka."

Zilipokauka akazikusanya mwenyewe, akazifunga kwenye kile kisutu. Nafisa akasema atatafuta mtu wa kuzisambaza. Bibi akamtazama kwa mshangao. "Na mimi je? Kadi, atakaye aikamate. Neno nitalisema mimi." Na ndivyo ilivyokuwa. Alikwenda nyumba kwa nyumba, polepole, Nafisa amemshikilia kiwiko, anapiga hodi, anakaa, anakunywa kahawa, anaalika kwa mdomo wake. Akimaliza ndipo anaitoa kadi, anaipeleka kwanza sikioni kwa mwenye nyumba aisikie. Watu wa Kibokoni hawakuwahi kusikilizishwa kadi.

Kazi yangu ilikuwa imekwisha, nikarudi kwenye za watalii. Siku moja mchana nimeinama, msasa mkononi, nikasikia hodi. Nikaitikia kwamba Bi Salma ametoka, ameenda sokoni.

"Sikumjia Salma."

Bibi Mwanatumu aliingia, amevaa buibui lake zuri, ananukia udi. Nikamtolea kiti. Akakaa, akaniuliza habari zangu, za watoto wangu, za mamangu huko Rabai, na mvua kule imenyesha au la, na mimi nikijibu huku najiuliza kadi gani imeharibika. Alipotosheka akanyosha mgongo.

"Kadzo," akasema. Sikujua kama analijua jina langu. "Nimekuja kukualika. Mjukuu wangu Nafisa yuapambwa, nami nakutaka uje, wewe na watu wako. Usiseme hukuambiwa."

Akatoa kadi, akanipa. Nilizishika kadi za arusi nyingi mno katika chumba kile, nimezipaka, nimezikausha, nimezifunga kwa utepe. Zote zilitoka mlangoni. Hakuna hata moja iliyowahi kuingia ikiwa na mimi ndani yake. Nikataka kusema ahsante, badala yake nikalia, mtu mzima mimi, na msasa wangu mkononi.

"Wataka kuja ama wataka kulia?" akaniuliza.

Nikamwambia nitakuja, Mungu akipenda. Akasema basi nivae leso inayolia.

Nikaenda. Nilikaa nyuma, karibu na mlango, kama mtu aliyekuja kuleta kitu. Bibi Mwanatumu aliniona kutoka mbele, akanifuata mwenyewe na fimbo yake, akanishika mkono ule ule uliokuwa bado na wino mwekundu kucha zote, akanikalisha ubavuni kwake. Na kila mwanamke aliyekuja kumpa mkono wa hongera, Bibi, kabla hajaupokea, alimwambia, "Mpe na Kadzo. Huyu ni wangu."